Utafiti wa viumbe hai Kwale: Maarifa yapo, kiwanda ki wapi?

KAUNTI ya Kwale ni miongoni mwa sehemu za Pwani ya Kenya ambazo zimechunguzwa na wanasayansi kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1980, wakazi wa Msambweni wamepimwa vimelea vya kichocho na malaria. Mikoko ya ghuba ya Gazi imepimwa urefu, unene na kiasi cha hewa ya kaboni inachohifadhi. Maji ya Kibuyuni na Mkwiro nayo yamejaribiwa ili kubainisha iwapo yanafaa kwa kilimo cha mwani.

Matokeo ya kazi hiyo yamechapishwa katika majarida ya kitaalamu ya ng'ambo na kuwapa wasomi wengi shahada za juu. Hata hivyo, bidhaa zilizozaliwa na utafiti huo na kutengenezwa katika kaunti yenyewe zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Suala hili lina uzito kwa sababu uchumi wa Kwale umeyumba mara kadhaa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka wa 1988 na kuwaacha wakulima wa miwa bila mnunuzi kwa miaka mingi. Hoteli za Diani zilikosa wageni baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na tena wakati wa janga la corona mwaka wa 2020. Mnamo Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilisitisha uchimbaji wa madini uliokuwa umeanza mwaka wa 2013, kwa kuwa mchanga wenye madini ulikuwa umemalizika.

Katika hali hiyo, sekta inayotegemea viumbe hai na maarifa ya vyuo vikuu hutajwa kama njia mojawapo ya kuwapa vijana wa Lungalunga, Matuga, Msambweni na Kinango ajira ya kudumu. Makala haya yanaeleza sekta hiyo ni nini, Kwale imefikia wapi, na ni kiungo gani kinachokosekana.

Maana ya sekta hii

Sekta ya sayansi ya viumbe hai hujumuisha shughuli zote za kibiashara zinazotumia mimea, wanyama, vijidudu au viumbe wa baharini, pamoja na maarifa kuwahusu, ili kuunda bidhaa au huduma. Dawa na chanjo ni sehemu yake. Vivyo hivyo vifaa vya kupima magonjwa, mbolea za asili, viuatilifu vya mimea, vyakula vilivyosindikwa, vipodozi na hata hifadhi ya hewa ya kaboni katika misitu.

Bidhaa ya aina hii hupitia hatua tano. Ya kwanza ni ugunduzi, mtafiti anapotambua kwamba kiumbe fulani kina manufaa. Ya pili ni majaribio. Ya tatu ni uthibitisho wa ubora na usalama mbele ya mashirika ya serikali, kama vile Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) au Bodi ya Dawa na Sumu. Ya nne ni uzalishaji kwa wingi, na ya tano ni soko.

Vyuo vikuu na taasisi za utafiti hufanya vyema katika hatua mbili za mwanzo. Kampuni kubwa huingia katika mbili za mwisho. Hatua ya tatu, pamoja na safari ya kuifikia, ndiyo inayohitaji kampuni chipukizi: kampuni ndogo zinazoanzishwa na watafiti, wahitimu au vikundi vya wakulima kwa lengo la kulitoa wazo maabarani na kulifikisha kiwandani. Kwale ina utajiri wa hatua mbili za kwanza. Kampuni za katikati ndizo adimu.

Msambweni na somo la ivermectin

Taasisi ya Utafiti wa Matibabu Nchini (KEMRI), iliyoanzishwa mwaka wa 1979, imefanya kazi Kwale kwa ushirikiano na vyuo vikuu kadhaa vya nje. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilishiriki katika utafiti wa muda mrefu wa kichocho eneo la Msambweni. Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani kimeshirikiana na KEMRI kufuatilia afya ya jamii katika kaunti hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wamechunguza homa za dengue na chikungunya mjini Ukunda na Msambweni, na kuonyesha jinsi magurudumu makuukuu, ndoo na makopo yaliyotupwa yanavyogeuka mazalio ya mbu.

Kazi iliyovuma zaidi katika miaka ya karibuni ni jaribio la dawa ya ivermectin dhidi ya malaria, lililofanywa na KEMRI-Wellcome Trust ya Kilifi pamoja na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona. Wakazi zaidi ya 20,000 wa Kwale walishiriki. Walipewa dawa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, kuanzia mwanzo wa msimu wa mvua. Dawa hiyo humuua mbu anayemuuma mtu aliyeimeza. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2025, maambukizi mapya ya malaria miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na ya waliopewa dawa nyingine ya minyoo.

Historia ya ivermectin yenyewe ina funzo kwa Kwale. Asili yake ni bakteria wa udongoni. Katika miaka ya 1970, Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato nchini Japani alimtenga bakteria huyo kutoka udongo wa eneo la Ito, kisha sampuli zikapelekwa kwa William Campbell wa kampuni ya Merck nchini Marekani. Kutokana nazo ilipatikana dawa ambayo imewaokoa mamilioni ya Waafrika kutokana na upofu wa mtoni na matende. Wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba Kitasato na Merck walikuwa wametia saini mkataba wa ushirikiano mwaka wa 1973, kabla ya dawa kupatikana. Mkataba huo uliipa taasisi ya Japani mrabaha kutokana na mauzo, na fedha hizo zikagharimia utafiti zaidi pamoja na ujenzi wa hospitali. Udongo wa Ito uliacha hospitali Japani kwa sababu haki za taasisi zilikuwa zimeandikwa mapema.

Onyo kutoka Bogoria

Kenya ina mfano wake yenyewe, nao ni wa kusikitisha. Mnamo 1992, vijidudu vilichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Bogoria, kwa ajili ya utafiti wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo vilitumiwa na kampuni ya Genencor katika sabuni za kufulia na katika kazi ya kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya mapato, na mzozo mrefu ukafuata.

Tangu wakati huo sheria zimeimarishwa. Kanuni za 2006 chini ya sheria ya mazingira zinamtaka mtafiti kupata kibali kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki, na kueleza jinsi manufaa yatakavyogawanywa. Mkataba wa kimataifa wa Nagoya, uliopitishwa mwaka wa 2010, ulianza kutekelezwa 2014. Mwaka wa 2016, Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni.

Sheria hizo zinaigusa Kwale moja kwa moja. Kaya za Wamijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo karibu na Diani, ziliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008. Wazee wa kaya wana ujuzi wa mizizi, magome na majani ambao haujaandikwa popote. Kampuni itakayotengeneza marhamu au dawa kutokana na ujuzi huo italazimika kuketi nao kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na maarifa ni mali.

Mwani: zao linalosubiri kiwanda

Iwapo kuna bidhaa inayoweza kuonyesha kama Kwale itafaulu, ni mwani. Aina mbili hupandwa Afrika Mashariki: spinosum na cottonii, kama wafanyabiashara wanavyoziita. Zote hutoa karajinani, ute unaotumiwa viwandani kugandisha na kulainisha aiskrimu, dawa ya meno, nyama za makopo na vipodozi. Karajinani ya cottonii ni imara zaidi inapoganda, na kwa hiyo cottonii huuzwa kwa bei ya juu.

Kilimo chake hakihitaji ardhi, mbolea wala maji ya kunyunyizia. Mkulima huchomeka vigingi katika maji mafupi, hufunga kamba kati yake na kuning'iniza vipande vya mwani ambavyo ndivyo mbegu. Huvuna baada ya takriban wiki sita. Mwani mbichi huanikwa hadi ukauke, na huhitajika kilo saba hadi kumi mbichi ili kupata kilo moja kavu.

Utafiti wa kubainisha maeneo yanayofaa ulifanywa Gazi, Kibuyuni na Mkwiro mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2006. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) waliendelea kuwashauri wanavijiji. Ilipofika karibu mwaka wa 2010, kikundi cha Kibuyuni, ambacho wengi wa wanachama wake ni wanawake, kilianza kulima kwa ajili ya biashara. Kilimo kimeenea katika vijiji vingine vya ukanda huo, na wanawake wamejifunza kutengeneza sabuni za mwani.

Safari hii imekwama mahali pawili. Kwanza, sehemu kubwa ya zao huuzwa nje ikiwa kavu na ghafi. Mkulima husubiri mnunuzi aje, na mnunuzi ndiye hutaja bei. Thamani huongezeka baada ya mwani kusafishwa, kusagwa na kuchujwa karajinani, kazi ambayo hufanyika mbali na Kwale.

Pili, joto la bahari linapanda. Cottonii haivumilii maji moto. Matawi yake hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Wakulima wa Afrika Mashariki wamelazimika kutegemea zaidi spinosum, ambayo ni sugu lakini ya bei ya chini. Hapa ndipo maabara inapohitajika. Kuchagua na kukuza mbegu zinazostahimili joto ni kazi ya mwanasayansi, na kuzizalisha kwa wingi ili kumuuzia mkulima ni kazi ambayo kampuni chipukizi ingeweza kuifanya.

Zanzibar ilivyotangulia

Jirani wa kusini ametangulia katika njia hii. Katika miaka ya 1970, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti wa mwani na kuhimiza ulimwe. Kilimo cha kibiashara kilianza Unguja mwaka wa 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na mwani ukawa miongoni mwa mazao makuu yanayouzwa nje ya visiwa hivyo. Wanawake waliokuwa hawana kipato chao wenyewe walijenga nyumba na kuwasomesha watoto.

Mwaka wa 2006 uliundwa mpango wa kuwaunganisha wadau wa mwani Zanzibar, ukiongozwa na Dkt Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho. Mpango huo uliwakutanisha wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara. Wakulima walifundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni, krimu na vyakula. Watafiti nao walijaribu kupanda cottonii ndani ya nyavu katika kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Serikali ya Zanzibar baadaye iliamua kujenga kiwanda cha kusindika mwani huko Chamanangwe, kisiwani Pemba.

Zanzibar haijamaliza matatizo yake. Bei ya mwani ghafi ingali malalamiko ya kila msimu. Lakini utaratibu wa kuwaketisha wadau pamoja umerahisisha jambo moja: mkulima anapoona ugonjwa kwenye kamba zake, anajua mtafiti wa kumwita. Mtafiti naye anapopata mbinu mpya, anajua kikundi cha kuijaribu.

Gazi, utafiti uliolipa

Kwale yenyewe ina ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Huko Gazi, watafiti wa KMFRI na wenzao wa vyuo vikuu vya Ulaya walichunguza mikoko kwa miaka mingi na kupanda upya sehemu zilizokatwa. Kutokana na vipimo vyao ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka wa 2013 chini ya viwango vya kimataifa vya Plan Vivo.

Mradi huo unalinda hekta 117 za mikoko na huuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ya kaboni kila mwaka. Mapato huenda kwa jamii za Gazi na Makongeni, ambazo huamua zenyewe matumizi, yakiwemo maji safi na vifaa vya shule. Mwaka wa 2017 mradi ulishinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwingine unaofanana nao, wa hekta 460, ulianzishwa Vanga, Jimbo na Kiwegu mwaka wa 2019.

Mikoko Pamoja ilifaulu kwa sababu hatua zote tano zilipatikana mahali pamoja. Sayansi ilikuwa ya miaka mingi, na ubora ulithibitishwa na shirika huru. Jamii ilikuwa na chombo chake cha kisheria, na mnunuzi alikuwepo. Mwani una hatua mbili au tatu kati ya hizo. Ujuzi wa dawa za kaya unayo moja tu.

Kiungo kinachokosekana

Hatua nne zinaweza kupunguza pengo hilo.

Ya kwanza ni maabara ya huduma. Kikundi kinachotengeneza sabuni au unga wa mwani hakiwezi kuingia madukani bila alama ya ubora, na upimaji unahitaji vifaa ghali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina bewa Kwale, na Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi kina kituo cha utafiti wa sayansi ya viumbe hai. KMFRI nayo ina vituo Gazi na Shimoni. Taasisi hizi zikifungua milango kwa ada nafuu, wajasiriamali wengi wadogo hawatalazimika kusafirisha sampuli hadi Nairobi.

Ya pili ni mtaji wenye subira. Bidhaa ya kibiolojia huchukua miaka kabla ya kuleta faida, na benki haipendi kungoja. Mpango wa BioInnovate Africa, ulioanzishwa mwaka wa 2010 kwa ufadhili wa Sweden na wenye makao katika kituo cha wadudu cha icipe jijini Nairobi, umewasaidia watafiti wa Afrika Mashariki kufikisha bidhaa sokoni. Mwaka wa 2022, kanda hii ilizindua mkakati wa pamoja wa uchumi wa kibiolojia. Hata hivyo fedha za wafadhili zina mwisho. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti, kiwango ambacho bajeti za serikali hazijakikaribia.

Ya tatu ni mikataba. Kila mradi wa utafiti unaoingia kaunti unapaswa kueleza mapema nani atamiliki hataza, data na sampuli, na wenyeji watapata nini iwapo bidhaa itapatikana. Serikali ya kaunti haina haja ya kuanza na maabara ya mamilioni ili kutimiza hili. Inahitaji mawakili wachache wanaoielewa kazi hiyo, na daftari la wazi la miradi yote.

Ya nne ni watu. Miradi mingi ya utafiti huwaajiri vijana wa Ukunda, Msambweni na Lungalunga kukusanya sampuli na takwimu, kisha huwaacha muhula wa ufadhili unapokwisha. Vijana hao tayari wanajua kutumia darubini, kuhifadhi damu kwenye baridi na kujaza rekodi bila makosa. Hiyo ndiyo nguvukazi ambayo kiwanda chochote cha aina hii kingeitafuta kwanza.

Hakuna hakikisho kwamba sekta hii itaajiri watu wengi kama hoteli za Diani. Viwanda vya sayansi huanza na watu wachache, na vingi hufa vikiwa vichanga. Faida yake ni kwamba malighafi yake humea tena. Madini ya Kwale yalimalizika baada ya miaka 11 ya kuchimbwa, ilhali mwani wa Kibuyuni huvunwa kila baada ya wiki sita, na mikoko ya Gazi huzidi kuwa na thamani kadiri inavyokua.

Kwa sasa, mwani mkavu ungali unafungwa magunia na kupakiwa kwenye malori kuelekea bandarini. Wa kupima mabadiliko ni yule mama wa Kibuyuni anayesimama majini wakati wa bamvua akifunga mbegu kwenye kamba: siku atakapouza bidhaa yenye jina lake na bei aliyoipanga mwenyewe, utafiti wa miaka 40 utakuwa umefika nyumbani.